Aliyeisaini Mandolini Hakuisikia Ikilia

Wasomaji wangu, leo naomba siasa tuiweke pembeni. Wanasiasa watakuwepo tu hata wiki ijayo, hawaendi popote. Leo nataka niwapeleke Kalamazoo. Naam, mji huo upo kweli, sijautunga. Uko jimbo la Michigan, Marekani, njiani unapotoka Detroit kwenda Chicago. Huko ndiko kilikokuwa kiwanda cha Gibson, jina ambalo vijana wengi wa mjini tunalijua kwa magitaa ya umeme tunayoyaona kwenye video za wanamuziki wa rock.

Kisa changu ni cha kabla ya umeme. Tarehe 9 Julai 1923, kiwandani hapo, bwana mmoja aitwaye Lloyd Loar alichukua kalamu akasaini karatasi ndogo iliyobandikwa ndani ya mandolini. Mandolini, kwa asiyeijua, ni kama mdogo wake gitaa: ina tumbo dogo, shingo fupi na nyuzi nane zilizopangwa mbilimbili, na nyuzi hizo hufungwa sauti kama za fidla. Karatasi ile ilikuwa inathibitisha kwamba uso wa chombo, mgongo wake na sehemu zake za ndani zimepimwa na kurekebishwa sauti, na kwamba chombo kizima kimejaribiwa na kupitishwa. Loar akaandika jina lake na tarehe. Mandolini ikatoka kiwandani, ikaenda zake sokoni.

Zaidi ya miaka 20 baadaye mandolini hiyo iliangukia mikononi mwa mtoto wa shamba kutoka Kentucky, Bill Monroe, na kwa mikono yake ikasaidia kuzaa muziki mzima ambao leo unaitwa bluegrass. Ni moja ya mandolini mashuhuri kuliko zote duniani. Ila Loar hakuisikia ikilia katika bendi hiyo. Alifariki tarehe 14 Septemba 1943, akiwa na miaka 57.

Swali linalonisumbua ni hili: fundi akifa kabla hajawasikia waliokuja kuielewa kazi yake, tuseme alishindwa au alifaulu? Kabla hujajibu haraka, hebu tuangalie habari zenyewe.

Kwanza, Loar alikuwa nani? Alizaliwa mwaka 1886 katika jimbo la Illinois, akasoma muziki katika chuo cha Oberlin, Ohio. Alikuwa mwanamuziki wa jukwaani, mpiga mandolini na ndugu zake mandolini, yale makubwa yenye sauti nzito zaidi. Alizunguka Marekani na kundi la mwimbaji Fisher Shipp, ambaye baadaye alikuwa mke wake. Muziki wao ulikuwa wa ukumbini. Watu wamevaa vizuri, wamekaa kimya, wanapiga makofi mwishoni. Mwaka 1919 Gibson wakamwajiri. Kwa hiyo huyu hakuwa seremala aliyejifunza muziki. Alikuwa mwanamuziki aliyeingia kwa maseremala akawaambia, jamani, sauti ninayoitaka hii hapa.

Kiwanda alichokikuta kilikuwa na historia yake. Orville Gibson, mwenye jina, alikuwa na wazo moja kubwa: kuchonga uso na mgongo wa mandolini kutoka katika ubao mnene mpaka upate mgongo wa kobe, kama wanavyofanya mafundi wa fidla, badala ya kukunja vibao vyembamba. Alipata hataza yake mwaka 1898. Mwaka 1902 wenye pesa wakaanzisha kampuni kwa jina lake. Orville mwenyewe hakukaa sana na kampuni hiyo, na alifariki mwaka 1918. Umeona? Hata kabla ya Loar, jina lililoandikwa kwenye kichwa cha chombo lilikuwa la mtu ambaye hayupo kiwandani.

Biashara yao ilitegemea okestra za mandolini. Mwanzoni mwa karne ya 20 miji mingi ya Marekani ilikuwa na vikundi vya watu wa kawaida, makarani, walimu na wenye maduka, waliokutana jioni kupiga mandolini kwa noti, kama kwaya zetu zinavyokutana kwa mazoezi. Gibson waliwatumia walimu wa muziki kama mawakala: mwalimu anafundisha, mwanafunzi ananunua, kikundi kinaundwa, na kikundi kinahitaji mandolini kubwa na ndogo. Mpango mzuri kabisa. Tatizo ni kwamba Loar alipoingia, moto huo ulikuwa unazimika. Vijana walikuwa wanataka kucheza dansi. Jazz ilikuwa imeingia mjini na banjo yake yenye makelele.

Loar na wenzake wakajibu kwa ufundi. Kuanzia mwaka 1922 wakatoa vyombo vya daraja la juu kabisa la Gibson, vilivyokuwa na namba 5: mandolini ya F-5, mandola ya H-5, mandocello ya K-5 na gitaa la L-5. Tuiangalie F-5 kidogo, maana hapa ndipo ulipo mzizi wa kisa chote.

Mandolini nyingi za Gibson kabla ya hapo zilikuwa na tundu moja la yai katikati ya uso. Sauti yake ilikuwa tamu na ya duara, ikabaki hewani kidogo. F-5 ikaja na matundu mawili marefu yenye umbo la herufi f, kama ya fidla. Shingo ikasogezwa nje ya tumbo, hivyo daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, kikakaa mahali ambapo uso wa chombo unaweza kutetemeka vizuri zaidi. Ubao wa vidole ukainuliwa usiuguse uso na kuuziba. Ndani zikawekwa papi mbili ndefu za kuutegemeza uso, na unene wa mbao ukarekebishwa kidogokidogo huku fundi akigonga na kusikiliza inatoa sauti gani. Matokeo yake yakawa sauti kavu, inayotoka haraka, inayokata na kufika mbali.

Loar alitaka nini na sauti hiyo? Alitaka mpiga mandolini asimame mbele ya ukumbi wa tamasha, bila kipaza sauti, asikike mpaka kiti cha mwisho kama mpiga fidla anavyosikika. Hilo ndilo lilikuwa tatizo alilolitatua. Kumbukeni neno hilo, tatizo, maana tutalirudia.

Gitaa la L-5 lilifuata mawazo hayohayo. Lilikuwa miongoni mwa magitaa ya mwanzo kabisa kuuzwa yakiwa na matundu ya f badala ya tundu la duara.

Hapa naomba nitie neno kuhusu ile saini. Mashabiki wengi husema "mandolini aliyoitengeneza Loar". Si sahihi sana. Loar hakukaa benchi akachonga kila ubao. Alisanifu, akasimamia, akapima, akajaribu, akasaini. Waliochonga, waliogundisha, waliopaka rangi na vanishi walikuwa mafundi wa kiwanda cha Kalamazoo, na hao hawakuwa na karatasi ya kusaini. Sisi waandishi wa magazeti tunalijua vizuri jambo hili. Jina langu linakaa juu ya habari, lakini mhariri aliyeikata, mpangaji wa kurasa na dereva aliyenifikisha kwenye tukio hawaonekani. Jina moja, mikono mingi.

Je, soko lilisemaje? Soko lilinuna. Kati ya mwaka 1922 na Desemba 1924 Loar alisaini mandolini zinazohesabika kwa mamia tu. Walikuwepo wapigaji wakubwa waliozipenda, kama Dave Apollon, nyota wa majukwaa ya burudani. Na L-5 ilipata bahati upande wa jazz, ambako Eddie Lang aliifanya isikike. Lakini zile okestra za mandolini zilizotegemewa kununua F-5 kwa wingi zilikuwa zinakufa. Mwisho wa mwaka 1924 Loar akaondoka Gibson.

Hakukata tamaa. Miaka ya 1930 alishiriki kuanzisha kampuni ya Vivi-Tone, iliyotengeneza vyombo vya nyuzi vya kutumia umeme wakati watu wengi hawajajua vinahitajika kwa kazi gani. Nayo haikufika mbali. Akawa anafundisha katika chuo kikuu cha Northwestern, Evanston, kaskazini kidogo tu ya jiji la Chicago. Ukimtazama wakati huo unamwona mwalimu mwenye umri wa makamo, mwenye mawazo mawili makubwa nyuma yake, na yote mawili soko limeyakataa. Angekuwa mtu wa mtaani kwetu tungesema huyu bwana hana nyota.

Kumbe nyota ilikuwa inapanda upande ambao hakuwa anautazama.

Twende Bristol, mji ulio juu ya mpaka wa Tennessee na Virginia. Tarehe 1 Agosti 1927 familia moja kutoka vijijini, A.P. Carter, mkewe Sara na shemeji yao Maybelle, walikwenda kurekodi kwa Ralph Peer wa kampuni ya Victor. Maybelle alikuwa na miaka 18 na mjamzito. Siku chache baadaye, tarehe 4 Agosti, katika chumba hichohicho akarekodi kijana aitwaye Jimmie Rodgers. Wanahistoria wengi wanahesabu siku hizo kama mwanzo wa biashara ya muziki wa country.

Santuri za Carter zikauzwa, na Maybelle akaamua kununua gitaa la maana. Mwaka 1928 alinunua L-5 kwa dola 275. Ili upate picha, miaka hiyo ya katikati ya 1920 gari la Ford la bei ya chini kabisa lilikuwa linauzwa chini ya dola 300. Mwanamke wa kijijini, bondeni huko Virginia, ananunua gitaa la bei ya gari! Na alilitumia maisha yake yote, mpaka alipofariki mwaka 1978.

Alilipigaje? Kidole gumba kinapiga wimbo wenyewe kwenye nyuzi nene, huku kidole cha shahada kikikwangua nyuzi nyembamba kushika mdundo. Mtu mmoja anafanya kazi ya wawili. Kwa mtindo huo unahitaji gitaa ambalo nyuzi nene zinasema wazi bila kuvuma na kufunika kila kitu, na L-5 ilijengwa hivyo. Mbinu zake nyingine Maybelle alizipata kwa Lesley Riddle, mpiga gitaa Mweusi aliyekuwa akizunguka na A.P. Carter milimani kukusanya nyimbo. Riddle alizishika nyimbo kichwani, A.P. akaandika maneno. Kwenye santuri likaandikwa jina la Carter. Mnaona ile hadithi ya saini inavyorudi?

Kweli, L-5 ya Maybelle ilitengenezwa baada ya Loar kuondoka, kwa hiyo haina saini yake. Lakini umbo ni la kazi yake. Na kuanzia mwaka 1938 Carter walikuwa wanasikika kupitia XERA, kituo cha redio kilichokuwa Mexico mpakani na Texas, chenye nguvu kubwa kiasi kwamba usiku kilifika sehemu kubwa ya Marekani. Yaani sauti ya gitaa lile ilikuwa inapita juu ya paa za Evanston. Profesa alihitaji tu kuigeuza swichi ya redio.

Sasa tumrudie Bill Monroe. Alizaliwa tarehe 13 Septemba 1911 huko Rosine, Kentucky, kitinda mimba wa watoto wanane. Katika muziki wa nyumbani kaka zake walichukua fidla na gitaa, yeye akabakiziwa mandolini. Monroe mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba walimfungia nyuzi nne tu badala ya nane, ili asipige kelele. Hebu fikiria, mtu atakayekuja kuwa mfalme wa mandolini alianza kwa kupunguziwa sauti na ndugu zake!

Walimu wake walikuwa wawili. Mmoja ni mjomba wake Pen Vandiver, mpiga fidla wa dansi za kijijini. Mwingine ni Arnold Shultz, mwanamuziki Mweusi, mpiga gitaa na fidla, ambaye Monroe alimfuata kwenye dansi na ambaye alimtaja maisha yake yote kama chanzo cha blues iliyomo kwenye muziki wake. Shultz alizaliwa mwaka 1886, mwaka uleule wa Loar. Hawa wawili hawakuwa na uhusiano wowote. Mmoja alisoma chuoni na kusaini vyombo vya bei ghali, mwingine alifanya kazi ya makaa ya mawe na kupiga gitaa vijijini, akafariki mwaka 1931. Lakini bluegrass inawahitaji wote wawili. Sauti ya chombo ilitoka kwa mmoja, na sehemu ya roho ya muziki ilitoka kwa mwingine.

Halafu kuna jambo ambalo nililiposoma nilisimama. Mwisho wa miaka ya 1920 Monroe alihamia kaskazini kutafuta kazi, kama vijana wetu wanavyokimbilia mjini. Akaajiriwa kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha Sinclair huko Whiting, Indiana, ambako alikuwa anaosha na kupanga mapipa. Whiting iko kusini mashariki mwa Chicago. Evanston ya Loar iko kaskazini. Katikati yao ni jiji moja tu, haifiki kilomita 60. Kwa muda fulani mapema miaka ya 1930 msanifu wa F-5 na mtu atakayeipa F-5 maana waliishi pembezoni mwa jiji moja, mmoja akiwa na chaki mkononi, mwingine akiwa na mapipa ya mafuta.

Monroe aliingia Grand Ole Opry, kipindi kikubwa cha redio cha Nashville, mwezi Oktoba 1939. Katikati ya miaka ya 1940, akiwa safarini Florida, aliona mandolini dirishani kwa kinyozi. Ndiyo, kwa kinyozi! Akalipa dola 150. Ndani ilikuwa na karatasi: Lloyd Loar, 9 Julai 1923. Chombo kilichosanifiwa kwa ajili ya kumbi za tamasha kilikuwa kinauzwa mahali watu wanaponyolewa ndevu.

Monroe alikifanyia nini? Bendi yake, Blue Grass Boys, haikuwa na ngoma. Besi ilishika pigo la kwanza, na yeye akapiga mandolini kwenye pigo linalofuata, pigo fupi, kavu, akiachia vidole mara moja ili sauti ikatike. Mandolini ikawa ngoma. Zamu yake ya kuongoza ikifika, akapiga kwa kasi na kwa nguvu, akishindana na fidla na banjo mbele ya maikrofoni moja. Mandolini ya zamani ya tundu la yai, yenye sauti tamu inayobaki hewani, ingezama hapo. F-5 haikuzama.

Hapa ndipo nataka tulirudie lile neno, tatizo. Loar alitaka mandolini isikike mpaka kiti cha mwisho cha ukumbi. Monroe alitaka isikike juu ya banjo, mbele ya umati uliojaa shule ya kijiji au hema la maonyesho. Tatizo lilikuwa lilelile. Loar alikuwa na jibu sahihi, akawapelekea watu waliokuwa wanafungasha vyombo vyao kwenda nyumbani. Waliolihitaji walikuwa wakulima na vibarua ambao hawakuwamo kabisa kwenye orodha ya wateja wa kampuni.

Mwisho wa mwaka 1945 Earl Scruggs akajiunga na banjo yake ya vidole vitatu. Lester Flatt alikuwa kwenye gitaa, Chubby Wise kwenye fidla, Howard Watts kwenye besi. Hicho ndicho kikosi ambacho wengi wanakiita bendi kamili ya kwanza ya bluegrass. Tarehe 16 Septemba 1946 kikosi hicho kikaingia studio kurekodia kampuni ya Columbia. Miongoni mwa nyimbo za kikao hicho ni "Blue Moon of Kentucky", ambao Elvis Presley aliurudia mwaka 1954 kwenye santuri yake ya kwanza kabisa.

Studio ilikuwa wapi? Chicago! Jengo la Wrigley, katikati ya jiji, kilomita kama 20 tu kutoka Evanston. Loar alikuwa amefariki miaka mitatu na siku mbili kabla. Angeishi kidogo tu zaidi, angeweza kupanda treni asubuhi akaisikia mandolini aliyoisaini ikifanya kazi ile aliyoitengenezewa.

Nimejiuliza, je, angeipenda? Tusimsemee marehemu. Lakini mtu wa noti na kumbi tulivu angekutana na muziki wa kasi, wa sauti za juu za puani, mandolini ikichapwa kama ngoma. Chombo kikishatoka mkononi mwa fundi hakiombi tena ruhusa yake.

Kampuni nayo ilipata somo lake. Mapema miaka ya 1950 Monroe aliirudisha mandolini kiwandani ifanyiwe matengenezo. Ikakaa miezi, na iliporudi, mambo mengi aliyoyaomba hayakufanyika. Kwa hasira alichukua kisu akalichimba jina Gibson kwenye kichwa cha mandolini, likabaki neno "The" peke yake! Kwa karibu miaka 30 mtu aliyekuwa tangazo kubwa kuliko yote la mandolini zao alipanda jukwaani na kichwa chenye kovu. Walipatana mwaka 1980. Novemba 1985 mtu aliingia nyumbani kwa Monroe akaivunjavunja mandolini hiyo kwa chuma cha kuchochea moto. Fundi wa Gibson, Charlie Derrington, alikusanya vipande zaidi ya 100, vingine vidogo kama njiti, akavigundisha kwa miezi kadhaa. Mwaka 1986 Monroe akairudisha mikononi, akaipiga mpaka mwisho wa maisha yake mwaka 1996.

Mtazameni huyo Derrington. Yeye alipata kile ambacho Loar alikikosa: alikabidhi kazi ya mikono yake, kisha akaisikia ikilia.

Wapo mafundi wengine waliopata bahati hiyo, na imewasaidia. Leo Fender wa California hakujua kupiga gitaa. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950 alikuwa akipeleka magitaa na vikuza sauti vyake kwa wanamuziki wa bendi za country zilizopiga kwenye kumbi za dansi za huko, anasikiliza wanalalamika nini, anarudi karakanani kurekebisha. Loar aliyejua kupiga hakuwasikia watu wake. Fender asiyejua kupiga aliwasikia kila wiki. Mmoja akafa mwalimu asiyejulikana, mwingine akawa tajiri. Kuna funzo hapo kwa sisi tunaoandika, tunaotunga na tunaojenga chochote: inasaidia kwenda kukaa na wanaokitumia.

Lakini hata ukienda, hutawafikia wote. Mnamkumbuka Jimmie Rodgers, yule aliyerekodi wiki moja na chumba kimoja na kina Carter? Santuri zake zilisafiri mpaka Kenya. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alirekodi kwa Wakipsigis wimbo uitwao "Chemirocha". Jina hilo ni Jimmie Rodgers, limepita kwenye ulimi wa Kikipsigis. Mtu aliyefariki New York mwaka 1933 alikuwa amegeuka kiumbe wa hadithi, nusu mtu nusu mnyama, anayeimbwa kwa kinanda cha nyuzi huko Bonde la Ufa. Nani angemwambia Rodgers hilo akaamini?

Kwa hiyo nirudi kwenye swali langu. Fundi huyu alishindwa au alifaulu? Mimi nasema alifaulu, ila hakulipwa. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na sisi vijana tunavichanganya kila siku. Tukiandika kitu kisisomwe wiki hii, tunasema kimeshindwa. Tukitoa kazi isishike mwezi huu, tunaitupa. Loar alipima uso wa mandolini, akagonga, akasikiliza, akaona inafaa, akasaini. Hukumu yake ya tarehe 9 Julai 1923 ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni mpigaji, na mpigaji alichukua miaka 20 kufika kwa yule kinyozi.

Ila tusijifariji kupita kiasi kwa maneno mazuri. Leo F-5 yenye saini ya Loar huuzwa kwa zaidi ya dola 100,000, na senti moja haikumfikia yeye wala wale mafundi wa benchi wasio na majina. Arnold Shultz hakuacha hata santuri moja. Kwa hiyo kama unamjua fundi yeyote aliye hai, wa gitaa, wa zeze, wa viatu au wa milango, ambaye kazi yake inatumika vizuri mahali asipopajua, nenda kamwambie. Mchukue ukamwonyeshe.

Gitaa la Maybelle na mandolini ya Monroe sasa vyote viko Nashville, katika jumba la makumbusho la muziki wa country. Watu hulipa kiingilio kuviangalia. Vimenyamaza ndani ya vioo, navyo vilitengenezwa visikike mpaka kiti cha mwisho.

Haya, wasomaji wangu, tuonane wiki ijayo. Wanasiasa watakuwa wamesharudi.